Uanagenzi wa kuhariri hukumu wawafaa wanasheria chipukizi wa Mogogosiek

MWANAFUNZI wa sheria kutoka Mogogosiek, Kaunti ya Bomet, anapotafuta uanagenzi huwazia ofisi ya wakili au korti. Ni wachache wanaokumbuka uhariri wa hukumu.

Kazi hiyo nchini hufanywa hasa na Baraza la Kitaifa la Ripoti za Sheria, maarufu kama Kenya Law, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994. Hukumu huwekwa mtandaoni bila malipo.

Mhariri huhakiki majina, tarehe na kesi zilizorejelewa, kisha huandika muhtasari wa hoja zilizoamuliwa. Muhtasari huo si sehemu ya hukumu, jambo ambalo wakili mvivu husahau.

Mchuma chai anapodai fidia katika Mahakama ya Leba mjini Kericho, wakili wake hutegemea kesi zilizotangulia. Neno "si" likidondoka katika muhtasari, kesi waliyoshinda wafanyakazi yaweza kutajwa dhidi ya wenzao.

Hapo ndipo aliyelelewa mashambani mwa chai huwa na faida. Kipkoech akiandikwa Chepkoech, mdai wa kiume amegeuzwa mwanamke, na mhariri asiyejua majina ya Kikipsigis hatashtuka.