Mpira wa Goli kwa Watoto Wasioona

Tunapotembelea sharika za Ufipa tunakuta mtoto asiyeona amekaa pembeni wenzake wakicheza. Upo mchezo wake: mpira wa goli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani.

Kila timu ina wachezaji 3. Wote hufunikwa macho, hivyo mwenye uoni hafifu na asiyeona kabisa huwa sawa. Mpira una kengele ndani. Huviringishwa kwa mkono, na wapinzani hujilaza chini kuuzuia kwa kufuata sauti.

Uwanja ni meta 18 kwa 9. Kamba nyembamba hubandikwa chini ya utepe ili mchezaji aupapase mstari. Ukichezwa ukumbini, watoto wenye ualbino hukingwa na jua.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotambua haki ya watoto wenye ulemavu kucheza. Mfadhili anaweza kununua mpira. Kutoa ukumbi, kuzungumza na mzazi anayemficha mtoto na kumleta kutoka kijijini ni kazi yetu sharikani. Na mchezo ukianza tunyamaze, kwani tukishangilia mtoto hausikii mpira.