Intaferoni Mbili na Homa ya Ini ya C

Mwaka 1957, katika maabara ya Mill Hill, London, wataalamu Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto juu ya utando wa yai la kuku. Baada ya hapo utando huo haukushambuliwa tena kwa urahisi na virusi hai. Seli zake zilikuwa zimetoa protini iliyoziarifu seli jirani zijikinge. Protini hiyo ikaitwa intaferoni.

Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walieleza jinsi walivyowatibu kwa intaferoni wagonjwa kumi wenye homa ya ini isiyo ya A wala ya B. Kirusi chenyewe, yaani C, kilikuja kutambuliwa mwaka 1989. Dawa ilimtangulia adui kujulikana! Kirusi hiki huenezwa kwa damu, hukaa kimya miaka mingi, kisha huweza kulijaza ini makovu au kuleta saratani.

Kasoro ya intaferoni ya awali ni kwamba hutoweka mwilini upesi mno. Mgonjwa alidungwa sindano mara tatu kwa juma, na bado virusi vilipata nafasi ya kuzaana. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, waliotumia intaferoni peke yake kwa majuma 48 walipona asilimia 13 tu. Walioongezewa vidonge vya ribavirini, asilimia 38. Kupona hapa maana yake ni virusi kutoonekana katika damu majuma 24 baada ya kumaliza dawa.

Ndipo wanakemia walipoifungia protini hiyo mnyororo wa polietilini glikoli, ili isitolewe mwilini haraka. Sindano moja kwa juma ikatosha. Zikatokea dawa mbili: alfa-2b, yenye mnyororo mdogo na kipimo kifuatacho uzito wa mgonjwa, na alfa-2a, yenye mnyororo mkubwa wa matawi na kipimo kimoja kwa wote, mikrogramu 180. Ipi ilikuwa bora? Kila moja ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wake, na kulinganisha matokeo hayo ni kama kulinganisha alama za madarasa mawili yaliyofanya mitihani tofauti.

Jibu lilichapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 3,070 wa Marekani, wenye kirusi cha kundi la kwanza lililokuwa sugu kwa tiba hiyo, waligawanywa kwa kura, wote wakipewa na ribavirini. Siku ya mwisho ya matibabu, virusi havikuonekana kwa asilimia 64.4 ya waliotumia alfa-2a, dhidi ya 53.2 ya waliotumia alfa-2b kwa kipimo cha kawaida. Mwenye haraka angalitangaza mshindi papo hapo. Lakini ugonjwa uliwarudia wengi zaidi katika fungu la alfa-2a, na baada ya majuma 24 waliopona walikuwa asilimia 40.9 na 39.8: tofauti ambayo bahati tu yaweza kuileta.

Hivyo wengi walivumilia homa, uchovu na huzuni nzito karibu mwaka mzima pasipo kupona. Tangu mwaka 2014 vidonge vinavyokizuia kirusi chenyewe, bila intaferoni, huponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, mara nyingi kwa majuma 12.