Malalamiko ya Mnunuzi si Uchokozi

Mtu anayenunua kilo moja ya sukari katika duka la mjini Gisenyi, akafika nyumbani na kuikuta imepungua, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kunyamaza, na kesho akapunjwa tena. Anaweza kunung'unika kwa majirani, na duka likapata sifa mbaya bila mwenyewe kujua kosa lake. Au anaweza kurudi dukani na kusema wazi. Njia hii ya tatu ndiyo inayojenga, lakini wanaoifuata ni wachache, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kulalamika ni uchokozi. Dhana hiyo ni potofu. Nayo inawahusu kwa namna ya pekee askari wa jeshi na wa polisi, ambao ni wanunuzi kama raia wengine, na papo hapo ni walinzi wa sheria.

Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, ni mji wa biashara ulio kando ya Ziwa Kivu na uliopakana na Goma. Viazi vyake hutoka katika udongo wa volkano wa nyanda za juu, sambaza hutoka ziwani, na bidhaa nyingine hupita katika kituo cha mpakani cha Petite Barrière mikononi mwa wachuuzi. Wengi wa wachuuzi hao ni wanawake, na wamo pia watu wenye ulemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mpaka ulipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, riziki ya watu hao ilikatika.

Katika mji wa namna hii bei hubadilika upesi, na si kila bei iliyopanda ni ulanguzi. Mnunuzi makini hutenganisha mambo mawili: bei aliyoikubali kabla ya kulipa, na udanganyifu alioutambua baada ya kulipa. La kwanza ni la mapatano. La pili ni la sheria.

Haki ya mnunuzi kusikilizwa si jambo geni duniani. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilieleza Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: kupata bidhaa zisizo na madhara, kupewa habari za kweli, kuchagua, na kusikilizwa. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Walaji Duniani. Rwanda nayo ilitunga sheria ya ushindani na ulinzi wa walaji mwaka 2012, na mwaka 2017 ikaunda mamlaka ya ukaguzi, ushindani na ulinzi wa walaji, ijulikanayo kwa jina la RICA.

Hata hivyo, haki bila ushahidi ni maneno matupu. Ushahidi wa kwanza ni stakabadhi. Tangu mwaka 2013 Rwanda ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutoa stakabadhi, na mwaka 2024 ukaanza utaratibu wa kumrudishia mnunuzi aliyejiandikisha asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa. Kodi hiyo ni asilimia 18. Kwa hiyo anayenunua bidhaa za faranga 11,800, kodi ikiwa ndani yake, amelipa kodi ya faranga 1,800, na hurudishiwa faranga 180. Fedha hizo ni kidogo, lakini karatasi ile ina thamani kubwa zaidi: inaonyesha duka, siku, bidhaa na bei. Asiyekuwa nayo hubaki akibishana kwa kumbukumbu.

Kwa viazi na sambaza vya sokoni, ambavyo havitozwi kodi hiyo, shahidi ni mizani. Mnunuzi aitazame kabla bidhaa haijawekwa, ahakikishe inasoma sufuri, na asione haya kuomba bidhaa ipimwe upya mbele yake.

Hapa ndipo askari anapopaswa kujitazama. Raia akilalamika, muuzaji hujibu hoja. Askari aliyevaa sare akilalamika kwa ukali, muuzaji huiona sare kabla ya kuisikia hoja. Huenda akarudisha fedha hata kama hakukosa, kwa sababu ya hofu tu. Na siku ya pili atamchekea askari huyo huku akimficha bidhaa. Malalamiko ya namna hiyo hayakusahihisha mizani ya duka. Yamemfundisha muuzaji kuogopa tu. Kwa sababu hiyo askari mwadilifu huacha cheo chake mlangoni, hupanga foleni, hulipa deni siku aliyoahidi, na husema kasoro kwa sauti ya kawaida, stakabadhi ikiwa mkononi. Dukani askari hana haki kubwa kuliko ya raia, wala hana haki ndogo.

Polisi ana wajibu wa ziada, kwani mnunuzi aliyepunjwa anaweza kufika mbele yake. Mama aliyeibiwa faranga 200 katika kipimo cha unga asichekwe kwa udogo wa shauri lake. Mizani iliyompunja yeye asubuhi huwapunja wengine mpaka jioni. Kumsikiliza, kuandika maelezo yake na kumwelekeza penye mamlaka inayohusika ni kazi ya ulinzi kama ilivyo doria ya usiku.

Muuzaji mwaminifu naye ananufaika, maana mshindani wake mwenye mizani ya uongo humnyang'anya wateja kwa bei inayoonekana nafuu. Soko lenye haki halijengwi na wakaguzi peke yao. Hujengwa kila siku na mnunuzi anayedai stakabadhi, muuzaji anayekubali kusahihishwa, na askari anayekumbuka kwamba heshima ya sare yake hupimwa hata mbele ya meza ya muuza viazi.