Kizunguzungu: Asili Yake na Mazoezi Yanayokiponya

Kuna ugonjwa usio na jeraha, usio na uvimbe wala homa, na hata hivyo humlaza kitandani mtu mwenye nguvu. Alfajiri mama ageuka upande wa pili ili aamke, mara nyumba nzima yamzunguka: paa lakimbia, kitanda chayumba kama mtumbwi katika mawimbi, na moyo wamchafuka hata karibu kutapika. Baada ya nusu dakika mambo yote yatulia. Adhani amepona; lakini ainuapo kichwa ili aanike nguo kambani, kizunguzungu charudi.

Majirani husema nini? Mmoja asema: «Ni upungufu wa damu.» Wa pili asema: «Ni malaria.» Wa tatu anong'ona neno la ulozi. Na wote wapatana katika shauri moja: «Lala, usijisogeze.» Wasomaji wetu, twataka kuwaonyesha leo kwamba shauri hilo, ijapokuwa latoka katika huruma, mara nyingi ndilo linalochelewesha kupona.

Ni dalili, si ugonjwa mmoja

Kizunguzungu ni kama kikohozi: ni dalili ya mambo mengi. Watu wengine huona giza machoni wanaposimama ghafula, na miguu yao hulegea. Hao huenda wana damu pungufu, au njaa, au wamepoteza maji mengi kwa kuhara, au dawa yao ya presha imeshusha damu kupita kiasi. Malaria nayo huleta kizunguzungu, na kinini huweza kuvumisha masikio na kumyumbisha mgonjwa. Watu kama hao yafaa wapimwe damu na presha katika zahanati.

Lakini kuna kizunguzungu cha namna nyingine: mtu aona vitu vinazunguka, na kumbe vimesimama. Hicho mara nyingi asili yake imo ndani ya sikio.

Kazi ya pili ya sikio

Twajua sote kwamba sikio husikia. Wachache wajua kwamba lina kazi ya pili: kupima mwendo wa kichwa. Ndani kabisa, katika mfupa mgumu, mna mifereji mitatu myembamba iliyopindika, nayo imejaa maji. Mmoja hupima kichwa kinapogeuka kushoto na kulia, kama mtu anayekataa; mingine miwili hupima kichwa kinapoinama, kinapoinuka au kinapolalia bega. Kichwa kikigeuka, yale maji husukuma vinyweleo vidogo mno, navyo hupeleka habari ubongoni. Kando ya mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa, vidogo kuliko punje ya mchanga. Hivyo hupima kichwa kinapolala upande na mwili unapokwenda mbele au kupanda juu.

Basi ubongo una wajumbe watatu: masikio, macho, na nyayo pamoja na viungo vya miguu na shingo. Wajumbe hao wakisema neno moja, mtu huvuka mto juu ya gogo bila hata kufikiri. Lakini mmoja akileta habari ya uongo, wenzake humkanusha, na ubongo huchanganyikiwa. Kuchanganyikiwa huko ndiko kizunguzungu.

Jambo hilo halikujulikana upesi. Mwaka 1861 mganga Prosper Ménière wa Paris aliwaeleza wenzake kwamba ugonjwa wa kuzungukwa, waliodhani watoka ubongoni, waweza kutoka sikioni. Baadaye, katika mji wa Vienna, mganga Robert Bárány alikuwa akiosha masikio ya wagonjwa kwa maji. Aliona kwamba maji ya baridi yaliwatia kizunguzungu na kuyachezesha macho yao upande mmoja. Maji ya moto mno yaliyachezesha upande wa pili. Akatambua sababu: maji yaliyomo katika mifereji ya sikio huanza kutembea yakipata moto au baridi, kama maji ya sufuria yapandavyo juu ya moto. Kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, naye wakati ilipotangazwa alikuwa mfungwa wa vita nchini Urusi.

Vijiwe vilivyopotea njia

Sasa tumrudie yule mama anayezungukwa ageukapo kitandani. Vijiwe vichache vya chokaa vimebanduka katika kifuko chake na kuingia katika mfereji mmoja. Kila anapogeuza kichwa huteremka, husukuma maji, na sikio lapiga kelele: «Twazunguka!» Vikitua chini, kelele yakoma. Ndiyo maana kizunguzungu hiki hakipiti dakika moja kwa kawaida. Huwapata hasa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wale waliopigwa kichwani, kwa mfano katika ajali ya pikipiki. Lakini mara nyingi sababu haionekani.

Mwaka 1952 waganga wawili wa London, Margaret Dix na Charles Hallpike, walieleza jinsi ya kukitambua: mgonjwa hulazwa upesi chali, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, na mganga hutazama kama macho yanacheza. Kisha mganga John Epley wa Marekani alibuni njia ya kukiponya, akaichapisha mwaka 1992. Mgonjwa huketi kitandani, kichwa kimegeuzwa upande wa sikio bovu, hulazwa chali huku kichwa kikining'inia kidogo. Kisha kichwa hugeuzwa polepole upande wa pili. Kisha mwili wote hulala ubavu, uso ukitazama chini. Mwishowe huketishwa tena. Kila mara hungojea nusu dakika au zaidi. Kwa mwendo huo vijiwe huviringika katika mfereji mpaka vitoke na kurudi kifukoni. Wengi hupona kwa mara moja au mbili, bila kidonge wala sindano. Wala hakuna kidonge kiwezacho kurudisha vijiwe hivyo mahali pake.

Kazi hiyo yafaa ifanywe kwanza na mganga, au na fundi wa mazoezi ya viungo aliyejifunza, yule aitwaye kinesiterapeuti. Mwenye ugonjwa wa shingo asijaribu nyumbani.

Ubongo hujifunza

Wengine mshipa wao wa sikio umeumizwa na virusi. Wengine masikio yao yameharibiwa na sindano za streptomisini au gentamisini, dawa ambazo zimeokoa maisha ya wengi lakini huweza kudhuru sikio. Hapo hapana kijiwe cha kurudisha. Je, wamepotea? Hasha! Ubongo waweza kujifunza upya, na kuwategemea zaidi wajumbe waliobaki wazima.

Katika miaka ya 1940, huko Uingereza, mganga wa masikio Terence Cawthorne aliona kwamba wagonjwa waliotembea na kugeuza vichwa walipona upesi kuliko waliolala kimya. Pamoja na mwenzake Cooksey alitunga mazoezi kwa ajili yao. Mazoezi ya namna hiyo yangali yakitumika mpaka leo katika nchi nyingi. Haya ni machache kati yake:

1. Andika herufi moja kubwa katika karatasi, ibandike ukutani mbele ya macho. Itazame bila kuiacha, huku ukigeuza kichwa kushoto na kulia, kisha juu na chini, kwa muda wa dakika moja. Anza ukiwa umeketi.

2. Ukiwa umeketi, inama uokote kitu chini, kisha ketana wima tena.

3. Simama katika pembe ya nyumba, kiti kikiwa mbele yako, miguu pamoja. Ukizoea, fumba macho.

4. Tembea kando ya ukuta ukiweka kisigino mbele ya vidole. Ukizoea, tembea huku ukigeuza kichwa huku na huku.

Fanya hivyo dakika chache, mara 3 kwa siku, na daima pawepo mtu karibu wa kukushika. Siku za kwanza kizunguzungu kitaongezeka kidogo. Usiogope: ubongo haujifunzi pasipo kuonyeshwa kosa lake. Kikizidi sana, punguza mwendo, lakini usiache. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu hufaa siku chache za mwanzo. Vikiendelezwa wiki nyingi, huufanya ubongo usinzie usijifunze. Kupona huja kwa wiki, si kwa saa. Haba na haba hujaza kibaba.

Saa ya kukimbilia hospitali

Kuna kizunguzungu kisichongoja mazoezi. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja kama mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, ulimi umekuwa mzito, aona vitu viwili viwili, hawezi kabisa kusimama, aumwa kichwa ghafula kwa nguvu, au amezimia. Huenda ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka. Vivyo hivyo aliye na homa kali na shingo ngumu, na aliyepoteza kusikia ghafula.

Neno kwa jamaa

Mtu mwenye kizunguzungu huaibika. Ayumba njiani, nao watu wasema amelewa. Mwanafunzi ashindwa kufuata maandishi ubaoni, aitwa mvivu. Mama aogopa kubeba maji, asemwa hataki kazi. Na mwenye kumtuhumu jirani kwa ulozi hutia uadui kati ya nyumba mbili kwa sababu ya vijiwe vidogo kuliko mchanga!

Basi msimcheke, wala msimfungie chumbani. Mwulizeni maswali matatu: Je, vitu vyazunguka, au macho yaingia giza? Chadumu muda gani? Chaanza ukifanya nini? Yaandikeni majibu, mkampelekee mganga. Yatamsaidia kuliko maneno mengi. Na mgonjwa akiisha kuonyeshwa mazoezi yake, mmoja wenu asimame kando yake, asubuhi, mchana na jioni, mkono tayari kumdaka. Leo atatembea hatua tano kando ya ukuta, kesho kumi, na baada ya wiki kadhaa huenda atauacha ukuta, akaenda kisimani mwenyewe.