Kuhamisha Hifadhi ya Barua Pepe za Kale: Ufundi Wake na Manufaa Yake kwa Taaluma ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii inastahili kutafakariwa upya katika enzi hii ambapo daftari lenyewe si karatasi tena, bali ni faili iliyofichika ndani ya tarakilishi. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka wa 1711 kwa hati za Kiarabu zingali zinasomeka, kwa kuwa zilihifadhiwa huko Goa, nchini India. Hizo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia. Karatasi hizo zimevuka bahari, zimepita mikono mingi na kudumu kwa miaka 300 na ushei. Kinyume chake, barua pepe ya Kiswahili iliyoandikwa mwaka wa 1999 yaweza kuwa haisomeki leo hata na yule aliyeipokea.

Makala haya yananuia kueleza namna hifadhi ya barua pepe za kale inavyoweza kuhamishwa kutoka tarakilishi kuukuu hadi mpya, na kutoka programu moja ya barua hadi nyingine. Yataeleza kwanza sababu ya barua hizo kukwama, kisha hatua za kuzihamisha, kisha hitilafu za maandishi zinazozuka njiani. Hatimaye yatadokeza kwa nini jambo hili ni la mwanafunzi wa Kiswahili na si la fundi wa mitambo peke yake.

Mfano wa Salama

Salama ni mji mdogo wa kibiashara katika kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa. Msafiri atokaye Nairobi huupitia kabla ya kufika Sultan Hamud. Kabla ya Salama yenyewe, msafiri huyo hupita Malili, mahali palipotengwa ekari 5,000 kwa mji wa teknolojia wa Konza ambao ujenzi wake ulizinduliwa rasmi mwezi wa Januari 2013. Konza kumewekwa kituo cha kitaifa cha kuhifadhia data. Hivyo, data ya serikali imejengewa makao ya kudumu karibu kabisa na nyumba ambamo barua za watu binafsi zinaozea chini ya vitambaa vya meza.

Chukulia mfano wa mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi Salama. Alinunua tarakilishi mwaka wa 2002, yenye Windows XP na programu ya Outlook Express ndani yake. Kwa miaka kadhaa aliandikiana na walimu wenzake, wahariri na wahadhiri. Walijadili istilahi, wakasahihishiana mashairi na kubishana iwapo chombo walichokuwa wakikitumia kiitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Sasa mwanawe amemletea tarakilishi mpya ya mkononi, na ile kuukuu inasubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Methali isemayo kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake haifai kufuatwa hapa, kwani mti huu una barua ambazo hazipo kwingineko duniani.

Kwa Nini Barua Hukwama

Mtumiaji wa leo hudhani kwamba barua pepe zote zimo mtandaoni, na kwamba akibadilisha tarakilishi atazikuta zikimngoja. Dhana hii ni kweli kwa huduma nyingi za sasa, lakini haikuwa kweli zamani. Nchini Kenya, huduma za intaneti kwa umma zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1990. Mtumiaji aliunganishwa kwa waya wa simu, akalipia muda aliokaa hewani, na nafasi aliyopewa katika seva ilikuwa finyu. Mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS, iliyoongeza kasi ya intaneti, ilifika Mombasa mwaka wa 2009 tu.

Kwa sababu hiyo, programu za barua zilitumia utaratibu uitwao POP. Katika utaratibu huu, programu hubisha hodi katika seva, huzichukua barua zilizomo, huzileta katika tarakilishi ya mwenyewe na, kwa kawaida, huzifuta kule zilikotoka. Utaratibu wa pili, uitwao IMAP, huziacha barua katika seva na kumwonyesha mtumiaji taswira yake tu. Aliyetumia POP ana nakala moja pekee, na nakala hiyo imo katika diski ya tarakilishi kuukuu. Diski hiyo ikiharibika, barua zimekwisha.

Fauka ya hayo, kila programu ilikuwa na chombo chake cha kuwekea barua. Eudora, iliyobuniwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1988, ilitumia faili za maandishi ya kawaida zilizokaribiana na muundo uitwao mbox. Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, hutumia mbox pia. Outlook Express ilitumia faili zenye tamati ya dbx, ilhali Outlook yenyewe hutumia pst. Mbox inaweza kufunguliwa na kusomwa hata kwa programu sahili ya kuhariria maandishi. Dbx na pst zimefungwa kwa namna ambayo programu inayozielewa pekee ndiyo iwezayo kuzifungua. Eudora ilikomeshwa na kampuni ya Qualcomm mwaka wa 2006, na Outlook Express haikuendelezwa katika Windows Vista iliyofika madukani mwaka wa 2007. Chombo kimebaki, ila ufunguo wake umeacha kutengenezwa.

Hatua za Kuhamisha

Hatua ya kwanza ni kutoigusa hifadhi yenyewe kabla ya kuinakili. Mwalimu wa Salama hapaswi kuanza kwa kupanga wala kufuta barua. Aidha, hapaswi kuiunganisha tarakilishi yake na intaneti, kwa maana Windows XP iliacha kupata kinga za usalama mnamo Aprili 2014. Nakala itolewe kwa diski ya nje. Iwapo tarakilishi haiwaki tena, si lazima barua ziwe zimepotea. Fundi anaweza kuichomoa diski yake na kuiunganisha na tarakilishi mpya kwa kiunganishi maalumu, kwani diski nyingi za miaka hiyo hutumia plagi za aina ya IDE ambazo mitambo ya leo haina.

Hatua ya pili ni kuzitafuta faili zenyewe. Outlook Express ilizificha ndani ya saraka isiyoonekana mpaka mtumiaji aamuru saraka zilizofichwa zionyeshwe. Wengi hunakili saraka ya nyaraka zao wakidhani wamebeba kila kitu, kumbe barua zimesalia nyuma. Njia rahisi ni kutafuta faili zote zenye tamati za dbx, pst au mbx, na kunakili saraka nzima zilimo.

Hatua ya tatu ni kuzibadilisha barua ziwe katika muundo ulio wazi. Matoleo ya zamani ya Thunderbird yaliweza kuingiza barua moja kwa moja kutoka Outlook Express, na toleo la 52 ndilo la mwisho lililokubali kufanya kazi katika Windows XP. Hivyo, toleo hilo hupakuliwa kwa tarakilishi mpya, likabebwa kwa diski hadi ile kuukuu na kuagizwa liingize barua. Matokeo yake ni faili za mbox. Hizo hunakiliwa na kuwekwa katika saraka ya barua za ndani ya Thunderbird mpya. Kazi hii yafaa ifanywe wakati ambapo umeme ni wa kutegemeka, kwani ukikatika katikati ya uandikaji, faili huweza kuachwa nusu.

Hatua ya nne ni ya hiari, nayo ni kuzipandisha barua hizo katika seva kwa njia ya IMAP ili zionekane katika tarakilishi yoyote. Hapa pana tahadhari. Kuna programu ambazo hupanga barua kwa tarehe ya kuingizwa badala ya tarehe ya kuandikwa, na mwenyewe akashtuka kuona barua za miaka kumi zikidai kupokelewa siku moja. Tarehe ya asili haijapotea, kwa maana imo katika vichwa vya barua. Kinachohitajika ni kuiamuru programu ipange kwa tarehe hiyo.

Hatua ya tano ni uhakiki. Idadi ya barua katika kila kabrasha ilinganishwe kabla na baada ya kuhama. Barua kongwe zaidi na changa zaidi zifunguliwe. Viambatisho vijaribiwe, kwa kuwa mara nyingi mswada wa shairi au makala ulikuwa katika kiambatisho na si katika barua yenyewe. Tarakilishi kuukuu isitupwe mpaka uhakiki ukamilike na nakala tatu zipatikane, mojawapo ikiwa nje ya nyumba ile.

Hitilafu za Maandishi

Suala hili linamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Kiswahili cha hati za Kirumi kimejaliwa bahati katika mitambo, kwani herufi zake zote zimo katika orodha ya msingi ya herufi za Kiingereza. Barua ya Kiswahili haipotezi chochote inapohama, isipokuwa pahali pamoja, napo ni ile alama ya ritifaa katika sauti ng'. Programu za uandishi hupenda kuigeuza alama iliyonyooka iwe iliyopinda. Barua hiyo ikisomwa kwa mfumo wa herufi usio wake, ng'ombe hujitokeza kama ngâ€™ombe. Anayetafuta neno hilo katika hifadhi yake hatalipata, ingawa limo.

Kikamba, lugha ya wenyeji wengi wa Makueni na Kitui, hakikupata bahati hiyo. Irabu zake ĩ na ũ hazikuwamo katika mfumo wa herufi uliotumiwa zaidi na Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi. Mwandishi aliyeandika Kĩkamba huenda alisomwa K?kamba, na wengine waliamua kuziacha alama hizo kabisa. Mfumo wa Unicode umetatua tatizo hilo kwa barua za leo. Kwa barua za jana, alama iliyokwisha kugeuzwa kuwa alama ya kuuliza hairudishwi na programu yoyote, bali itajazwa na msomaji aijuaye lugha.

Muundo wa mbox nao una kioja chake. Kila barua huanza kwa mstari wenye neno la Kiingereza "From", na mstari wowote ndani ya barua unaoanza kwa neno hilo hutiliwa alama ya > ili programu isidhani kwamba barua mpya imeanza. Waandishi wa Kiingereza hukumbana na alama hiyo mara kwa mara. Mwandishi wa Kiswahili, ambaye mistari yake huanza kwa "Kutoka" na "Ama baada ya salamu", huipata kwa nadra.

Thamani na Maadili

Ni bayana kwamba barua hizi ni data adimu. Zinaonyesha jinsi maamkizi marefu ya barua ya karatasi yalivyofupishwa, jinsi istilahi zilivyojaribiwa kabla ya kuingia kamusini, na jinsi Kiswahili, Kiingereza na Kikamba vilivyochanganywa katika aya moja. Kamusi hurekodi neno lililoshinda. Barua hurekodi pia yale yaliyoshindwa, na hoja zilizotolewa na pande zote.

Hata hivyo, barua ni mali ya nafsi mbili. Aliyeipokea ana nakala, lakini maneno ni ya aliyeiandika. Mtafiti anayekabidhiwa hifadhi kama hii hana budi kutafuta idhini, kuyaficha majina na kuacha habari za maradhi, madeni na ndoa ambazo hazihusiani na utafiti. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 imeyapa mambo haya uzito wa kisheria, lakini adabu ya barua iliyakataza hata kabla ya sheria hiyo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuhamisha barua pepe za kale si muujiza. Ni kazi ya kunakili, kutafuta, kubadilisha, kupandisha na kuhakiki, nayo huhitaji subira kuliko fedha. Mwanafunzi wa Kiswahili anayerejea kwao likizoni ana diski ya nje, ana ujuzi wa lugha, na huenda anamjua mwalimu aliyemfundisha ngeli ambaye tarakilishi yake imefunikwa kitambaa tangu ilipoacha kutumika. Barua za Kilwa zilidumu kwa sababu kuna aliyeona hazifai kutupwa. Barua za Salama zinamsubiri wa kuona vivyo hivyo kabla mnunuzi wa vyuma hajapita.