Desemba 2016: bibi na watoto ku Chingola, sisi tulibaki ku kazi

Mu kambi yetu hapa Lubumbashi, uchaguzi ukikaribia, bamama wanaanza kuulizana neno moja: "Weye uko na ndugu ku Zambia?" Sisi wanaume tunajifanya hatusikii. Lakini usiku kila mtu anahesabu ndugu zake wa ngambo: yule wa Kitwe, yule wa Ndola, yule mtoto wa baba mukubwa wa Chililabombwe mwenye tulikosana naye juu ya mali ya ndoa na sasa tunamukumbuka na upendo.

Ndani ya sendika tunaongea mishahara, viatu na kofia za kazi. Namna familia zetu zinaishi wakati zimekimbia, hatuongei. Njo maana ninaandika juu ya ile Desemba ya 2016.

Tukumbushane. Mandati ya pili ya Rais Joseph Kabila ilipaswa kuisha tarehe 19 Desemba 2016, na uchaguzi haukufanyika. Watu waliogopa. Katanga tuko na sababu zetu za kuogopa. Wakubwa wanakumbuka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala mu magare ya Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mwenye aliona vile kwa macho hangoji kuambiwa mara mbili.

Bibi yangu ni Mulamba, na Balamba wako pande zote mbili za mpaka. Wazungu njo walipitisha mstari katikati yao. Yaya yake ameolewa ku Chingola na mchimbaji kama sisi. Tarehe 15 bibi alifunga mizigo, akabeba watoto watatu, wakapanda bisi ya Kasumbalesa. Sikuwasindikiza, nilikuwa kazini usiku. Mwenzangu mmoja mwenye alisindikiza wake alirudi nyuma ya siku mbili, akakuta zimekatwa ku mshahara. Nikaenda kuongea na ofisi kama delege. Sheria ya kazi ya 2002 inahesabu likizo ya ndoa, ya kuzaliwa mtoto, ya kufiwa. Kupeleka bibi na watoto mahali pa usalama haimo. Walinijibu: "Delege, sheria njo hiyo." Na kweli, njo hiyo.

Ku Chingola walipokelewa vizuri. "Mwaiseni, mwaiseni!" Kuku ikachinjwa siku ya kwanza, na ya pili samaki. Watoto wetu walishangaa kuona chakula ni kile kile, majina njo yanabadilika: bukari inaitwa ubwali, na matembele yetu inaitwa kalembula. Kitu cha kuogopesha kilikuwa barabara. Kule magari yanapita upande wa kushoto. Mutoto wa pili aliangalia upande wenye tulimufundisha, akaingia barabarani, na mama moja wa soko akamuvuta na kola ya shati. Bibi hakuniambia ile habari mpaka waliporudi.

Juu mawasiliano yalikuwa magumu. Usiku wa tarehe 18, WhatsApp na Facebook zilifungwa Congo yote. Ilibaki kupiga telefone, na kupiga Zambia kunakula inite sawa moto kwenye majani. Tarehe 20 risasi zilisikika Lubumbashi na watu walikufa. Bibi alisikia ku radio ya kule, akapiga, mimi nilikuwa chini ya kazi, telefone imefungwa. Alibaki vile mpaka asubuhi, na kelele ya ile nyumba, na watoto wanauliza baba iko wapi. Tunasema "familia iko salama" kama vile kazi imeisha. Mwenye kukimbia naye anaogopa, anamuogopea mwenye alibaki.

Kiisha kukaja mambo ya bunga.

Nyumba ya yaya ilikuwa na watu sita, vyumba viwili. Nyuma wakaongezeka wane. Gunia la kilo 25 lenye lilikuwa linawapeleka mbali likaisha mbele ya siku kumi. Na shemeki yangu hakuwa tena na kazi ya kudumu. Bei ya shaba ilianguka 2015, migodi ya pande zote mbili ikapunguza watu, naye alikuwa kati yao. Alikuwa anaishi na vibarua. Wazee wetu ba Gécamines walikuwa wanapata mposho, bunga inafika nyumbani na mgeni analiwa humo humo bila mtu kuhesabu. Sisi wa leo hatuna mposho, na shemeki wa ngambo hana pia. Lakini desturi ya kupokea ndugu ilibaki na kimo chake cha zamani.

Usiku moja bibi alisikia yaya na bwana wake wanaongea polepole nyuma ya ukuta. Hawakumutukana. Walikuwa wanahesabu tu. Asubuhi alibeba bikwembe tatu vyenye alikuwa navyo, akauzisha ku soko. Bamama ba kule wanapenda sana bikwembe vya Congo. Akanunua gunia, ya ile bunga ya rola, haiko ile nyeupe yenye bei. Akaiweka mu kikoni bila kusema neno.

Yaya alikasirika siku mbili. "Unanilipa? Mimi niko hoteli?" Bibi naye alilia. Nilipoambiwa, nilisema yaya amekosa. Leo ninaona hata mmoja hakukosa. Yaya alikuwa analinda jina la nyumba yake, na bibi alikuwa analinda watoto ba yaya wasilale njaa juu ya wetu.

Mimi nilituma dola 100 kwa mukono ya shofere wa kamio ya shaba. Foleni ya Kasumbalesa ilikuwa ndefu, siku sita nilikuwa ninajiita mjinga. Pesa ilifika yote. Yule shofere sijamuona tena, Mungu amubariki.

Tarehe 31 Desemba wanasiasa walitia sahihi mapatano Kinshasa, maaskofu ba CENCO wakiwa wapatanishi. Tarehe 9 Januari familia ilirudi. Wenzao walikuwa wamekwisha kurudi masomoni. Mutoto mudogo, badala ya aksanti, alikuwa ananiambia "natotela".

Ndani ya sendika tuliomba kitu kimoja: avansi ya nusu ya mshahara mbele ya kipindi cha fujo, yenye itakatwa polepole, ili mwenye anaenda kwa ndugu asiende mikono mitupu. Kampuni ilikubali mara moja tu, nyuma ya miaka miwili, na haikuandikwa popote. Tungali tunaomba iandikwe.

Wiki iliyopita bibi alimupigia yaya yake, kuulizia tu, kama itafika kukimbia tena.

"Mutakuya bangapi?"

"Bane, yaya."

"Muye. Lakini muje na bunga."

Wakacheka wote wawili, na bibi akaanza kuweka franka pembeni.