Paka wanalia usiku karibu na depo: kabla ya kukamata fimbo

Swali hili linarudi kila mara katika mikutano: paka wanapiga kelele usiku mzima juu ya mabati ya depo, walinzi hawalali, majirani wanakasirika, na kuna wanaosema tuwauwe wote tu. Hebu kwanza tujue kinacholia ni nini.

Ile sauti inayofanana na mtoto anayelia ni paka jike anayeita dume. Inaweza kudumu siku kadhaa. Asipopandwa, baada ya juma mbili ao tatu anaanza tena. Katika nchi za baridi, paka wanapumzika miezi ambayo mchana ni mfupi. Lakini sisi hapa Kisangani tuko karibu sana na ikweta, mchana na usiku viko karibu sawa mwaka mzima, njo maana paka wetu hawana msimu wa kupumzika. Mimba ni siku 63 hadi 65 hivi, na jike anaweza kuanza kuzaa hata kabla ya kutimiza mwaka. Madume wanaokuja kwa mwito wake wanapigana na kukojolea kuta. Hiyo njo kelele na ile harufu.

Tunalisema wazi kwa sababu watu wengine wakisikia sauti hiyo saa nane ya usiku wanafikiria ndoki, na anayeteswa ni mama mzee anayefuga niawu wawili watatu. Hakuna ndoki pale. Kuna paka anayetafuta mume.

Sasa, tukiwauwa? Panya mmoja wa nyumbani anakula karibu gramu 15 za nafaka kwa siku. Panya 50 mu depo, kwa miezi sita, ni zaidi ya kilo 130 za mpunga, bila kuhesabu magunia yaliyotobolewa na mpunga uliochafuliwa na mkojo. Mtu aliyeleta mpunga wake kutoka Isangi ao Opala kwa mtumbwi anajua kilo 130 ni nini. Na sumu ya panya ni hatari zaidi: paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye, kisha panya waliobaki wanazaana bila adui. Kuku na watoto pia wanaiokota.

Dawa ya kweli ya kelele ni kuhasi madume na majike, na kazi hiyo ni ya veterinere peke yake, na dawa ya kulaza. Msijaribu na wembe nyumbani, paka atateseka na kufa. Muulize bei ya paka kadhaa kwa siku moja, kisha koperative igawanye gharama. Dume aliyehasiwa anapunguza kutembea, kupigana na kukojolea, lakini si kesho yake. Mpe juma kadhaa. Na hatakuwa mvivu wa kuwinda, kama wengine wanavyoogopa.

Kama pesa haijapatikana, kuna ya kufanya leo. Mpe paka chakula magaribi, kila siku saa ileile: vichwa vya samaki, ndakala kidogo, na maji. Fufu peke yake haimtoshi, mwili wake unataka nyama. Akilia saa tisa ya usiku, usiamke kumpa kitu, maana umemfundisha kulia. Siku za kwanza atalia zaidi, vumilia. Matumbo ya samaki msiyatupe karibu na mlango, yanaita paka wa mtaa mzima. Kateni matawi ya mwembe ao msafu yanayogusa mabati. Vifaranga vifungwe kabla giza halijaingia; kumpiga paka baada ya kukamata kifaranga hakumfundishi chochote.

Jambo lingine ni mavi. Mpunga ulioanikwa chini, kwa paka, ni mchanga mzuri wa kufukua. Funikeni na bashi usiku, na wekeni sanduku la mchanga kwenye kona, mbali na magunia. Mavi yatolewe kila siku, maana mdudu wa toxoplasma anayeweza kuwa ndani anahitaji angalau siku moja nje kabla ya kuambukiza. Mama mwenye mimba asifanye kazi hiyo, mdudu huyo anaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na mwisho kabisa: paka aliyekuwa mpole, ghafla anauma watu ao anatokwa mate mengi, msimshike kwa mikono. Aliyeumwa aoshe kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha wanyama kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakina dawa.